Ombi la Kipaji na Mtoto wa Siku ya 28

Kuna aina moja ya maandishi ambayo watafiti wetu wa tiba wanayahangaikia kuliko hata makala zao, na huwezi kuyakuta kwenye maktaba ya chuo chochote. Ni ombi la kuhamia nchi nyingine kwa sababu ya ujuzi. Kwa Marekani linaambatana na fomu I-140. Kwa Uingereza kuna viza ya vipaji iliyoanza Februari 2020, ambayo taasisi kama Royal Society ndizo zinazomwidhinisha mwombaji. Mengi niliyoyaona mimi ni ya Marekani, kwa hiyo nitabaki huko. Ni furushi la mamia ya kurasa: barua za maprofesa, orodha ya makala, jedwali la nani kamnukuu nani, picha za Google Scholar, na mbele kabisa barua ndefu inayoeleza kwa nini huyu mtu si wa kawaida.

Wenzetu wanapoomba hutuletea tusome, tukague takwimu na lugha. Ukishasoma matatu manne unagundua kwamba huu ni utanzu kamili, una kanuni zake kama tenzi zilivyo na zake. Na utanzu wowote unahakikiwa. Basi leo naufanyia kile tunachozifanyia makala za kisayansi tukikaa kuzichambua: unadai nini, una ushahidi gani, na je, kipimo chake kinapima kile kinachosema kinapima?

Kanuni kwanza, kwa kifupi. Njia mbili zinapendwa na watafiti kwa sababu mtu anaweza kujiombea mwenyewe bila mwajiri. Ya kwanza, EB-1A, ni ya mwenye uwezo usio wa kawaida. Kama huna tuzo kubwa ya kimataifa, unatakiwa uonyeshe angalau vigezo 3 kati ya 10: tuzo za kawaida, uanachama wa vyama vinavyochuja watu, habari zilizoandikwa kukuhusu, kuhakiki kazi za wengine, mchango wako mwenyewe wenye uzito mkubwa, makala za kitaaluma, nafasi nyeti kwenye taasisi yenye jina, mshahara mkubwa, na viwili vinavyowafaa zaidi wasanii. Tangu hukumu ya Kazarian ya 2010, kufikisha vigezo 3 hakutoshi. Afisa anarudi kuangalia ushahidi wote kwa pamoja na kujiuliza kama kweli huyu ni mmoja wa wale wachache waliofika kileleni. Njia ya pili ni ya maslahi ya taifa, na taifa lenyewe ni Marekani. Hii inaongozwa na uamuzi wa Dhanasar wa Desemba 2016, uliomhusu mtafiti wa uhandisi wa vyombo vya anga. Maswali ni 3. Kazi yako ina thamani na umuhimu wa kitaifa? Wewe una nafasi nzuri ya kuisukuma mbele? Na je, Marekani itafaidika ikikusamehe sharti la kuwa na mwajiri?

Si kanuni za kijinga hizi. Kwenye karatasi, mtoto wa mkulima wa Maneromango na mtoto wa waziri wanawekwa kwenye mizani ileile. Sisi tuliokulia kwenye nchi ya "unamjua nani?" hatuna haki ya kulidharau hilo haraka. Shida yangu iko kwenye mizani yenyewe, na ili uione vizuri inabidi tuibebe mpaka Kibaha.

Kibaha kwa miaka mingi imekuwa mojawapo ya sehemu ambazo Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria unazitumia kupima kama dawa za malaria bado zinafanya kazi. Ni utafiti usio na mbwembwe. Mtoto mwenye homa analetwa kituoni, damu inapimwa, anakutwa na malaria isiyo kali. Mzazi akikubali, mtoto anapewa dawa ya mseto, dozi 6 kwa siku 3. Anapomeza mbele ya mhudumu, anasubirishwa nusu saa maana akitapika dozi inarudiwa. Halafu anafuatiliwa: siku ya 1, ya 2, ya 3, ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28. Kila akija, tone la damu, slaidi, hadubini.

Hapo kwenye hadubini tusimame kidogo. Mtaalamu wa maabara anahesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200, kisha anakadiria idadi ya vimelea kwa kuchukulia kwamba kila mikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Haruhusiwi kusema slaidi haina vimelea kabla ya kupitia maeneo 100 ya hadubini. Mtaalamu wa pili anasoma slaidi hiyohiyo bila kujua mwenzake kaandika nini. Wakitofautiana sana, anaitwa wa tatu. Kama vimelea vimerudi siku ya 21, kipimo cha PCR kinalinganisha vinasaba vya vimelea vya siku ya kwanza na vya siku hiyo. Vikifanana, dawa imeshindwa. Vikitofautiana, mtoto kaumwa na mbu mwingine. Kwa mkoa kama Pwani hiyo tofauti ndiyo kila kitu, kwa sababu mbu hawangoji utafiti uishe, na bila PCR ungeibebesha dawa makosa ya mbu. Watoto ambao dawa imewashindwa wakifika asilimia 10, nchi inatakiwa ifikirie kubadilisha dawa.

Unahitaji watoto wangapi? Kwa hesabu inayotumika sana, 73. Lakini unaandikisha 88, yaani unaongeza asilimia 20, kwa sababu unajua wengine watapotea kabla ya siku ya 28.

Hiyo asilimia 20 ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Tuseme mtoto kaandikishwa Mlandizi. Siku ya 19 mama yake, msimu wa korosho umefika, anampeleka kwa bibi yake Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Siku ya 21 hajatokea. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapiga simu, haipatikani. Anakwenda kwa mjumbe, anaulizia, anaambiwa wameenda shamba. Anachukua bodaboda, anaishika barabara ya Mlandizi kwenda Maneromango, na kama mvua imenyesha wewe mwenyewe unajua hali ya barabara ya udongo. Anafika, anapiga hodi, anaamkia, anakaribishwa mkekani. Kisha bibi anauliza swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote ya ridhaa: mjukuu wangu mzima huyu, anacheza, damu yake mnaipeleka wapi?

Msomaji wa pwani ananielewa. Hofu ya mumiani, watu wanaodaiwa kuiba damu za watu wakaziuze, ni ya zamani kuliko taasisi zetu zote za utafiti, na haiondoki kwa kuonyesha barua yenye muhuri. Inaondoka kwa mtu anayefahamika, anayejua kukaa na wazee, anayejua ni wakati gani wa kunyamaza. Akifanikiwa, slaidi ya siku ya 21 inapatikana, na ya siku ya 28 itapatikana. Akishindwa, mtoto anaandikwa kwamba amepotea. Wakipotea wengi, utafiti mzima hausemi kitu, hata kama mchambuzi wa takwimu ni bingwa wa dunia.

Na utafiti wa aina hii ukisema kitu, nchi inasikia. Klorokwini tuliiacha 2001 kwa sababu vipimo vya namna hii kwenye vituo mbalimbali nchini vilionyesha dawa imechoka, katika baadhi ya vituo ikishindwa kwa nusu ya wagonjwa au zaidi. Tukaenda kwenye SP, na mwishoni mwa 2006 tukaanza kuingia kwenye dawa ya mseto. Sasa Kagera kumeonekana vimelea vyenye badiliko la R561H kwenye jini la kelch13, badiliko lilelile lililowatia wasiwasi wenzetu wa Rwanda, linaloashiria kwamba artemisinini inachelewa kusafisha damu. Kwa hiyo swali kama dawa bado inafanya kazi Kibaha lina uzito wa maisha ya watoto, na jibu lake linapita kwenye lile gogo la kukalia nyumbani kwa bibi kule Maneromango.

Sasa turudi kwenye ombi. Mtafiti aliyeandika makala kutokana na data kama hizo anaomba kuhamia Marekani. Tumpe haki yake: ni mtu makini, alibuni sehemu ya utafiti, alikesha na takwimu. Lakini angalia kinachotokea kwa vitenzi. Kwenye makala ya kisayansi tunaandika "sampuli zilikusanywa", "wagonjwa walifuatiliwa". Hakuna mtu, kazi zinajifanya zenyewe. Ukihamia kwenye ombi, vitenzi vilevile vinapata mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja: alikusanya, alifuatilia, alibaini, aliongoza. Hakuna uongo hapo, kila mtu kwenye utanzu huu anaandika hivyo, na asiyeandika hivyo anakosa. Lakini kati ya ukimya wa makala na umoja wa ombi, watu kumi na tano hivi wametoweka. Makala iliwaficha, ombi likamrithisha mtu mmoja mali yao.

Kiukweli sina ugomvi na mwombaji. Fomu inamuuliza "wewe", naye atajibuje "sisi"?

Ugomvi wangu ni na ushahidi. Chukua nukuu. Kunukuliwa kunapima ni watu wangapi walioandika baada yako walikutaja. Makala ya kituo kimoja kuhusu dozi na siku 28 itatajwa mara chache, kisha itaingia ndani ya mapitio makubwa ya dunia, na mapitio hayo ndiyo yatakayonukuliwa mamia ya mara. Aliyekaa London akajumlisha tafiti 60 anaonekana mkubwa kuliko waliozifanya. Mawakili wanajua hilo, kwa hiyo wanaleta asilimia: huyu yuko kwenye asilimia fulani ya juu ya wanaonukuliwa kwenye fani yake kwa mwaka huo. Inaonekana kama sayansi. Lakini "fani" ni nani kaichagua? Ukiipanua iwe tiba yote, unapata jibu moja. Ukiibana iwe malaria ya Afrika Mashariki, unapata jingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa takwimu akituletea hesabu ambayo kizio chake kinachaguliwa baada ya kuona matokeo, tunamrudisha.

Halafu barua. Barua zinazothaminiwa zaidi ni za watu "huru", wasiowahi kufanya kazi na mwombaji. Nia ni njema, kuepuka upendeleo wa marafiki. Lakini mtu ambaye hajawahi kufanya kazi na wewe anakujua kwa njia moja tu: makala zako. Kwa hiyo barua inarudia kilekile kilichokwisha kuhesabiwa kwenye nukuu, na afisa anadhani ana ushahidi wa aina mbili kumbe ni mmoja umevaa nguo mbili. Mtu pekee anayeweza kusema kama mtafiti huyu alikuwa anasisitiza slaidi isomwe mara mbili, au alikuwa anasema "andika tu hasi tuendelee", ni mtaalamu wa maabara wa kituo kile, au mganga mfawidhi wake. Nani atamwomba mganga mfawidhi wa Mlandizi barua? Sijaiona hata moja. Mwenye ushahidi bora ndiye asiyeitwa mahakamani.

Na lile swali la umuhimu wa kitaifa? Hapa ndipo utanzu unapochekesha. Mtafiti aliyetumia miaka yake kwa malaria ya Pwani lazima aonyeshe kwamba malaria hiyo inaihusu Marekani. Anatafuta, anapata: mwaka 2023 Marekani ilipata wagonjwa walioambukizwa palepale, Florida na Texas, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu 2003. Anaongeza kwamba CDC yenyewe ilizaliwa Atlanta mwaka 1946 kutokana na kazi ya kupambana na malaria. Yote kweli. Lakini ona tulipofikia: watoto 88 wa Kibaha hawatoshi kuwa umuhimu mpaka mbu wao apate viza kwanza.

Kuna wanaosikia haya na kuanza kuwalaumu wanaoondoka. Mimi simo. Mwaka 2017 Kenya, baada ya mgomo wa madaktari wake, iliomba madaktari 500 kutoka kwetu. Suala likakwama mahakamani kule Kenya, na Rais Magufuli akaagiza waombaji 258 waajiriwe hapahapa. Wengi walisherehekea. Mimi swali langu lilikuwa dogo: hao 258, wenye sifa zote, walikuwa wapi kabla Kenya haijawaomba? Na watafiti hali yao ni ngumu zaidi, maana wengi wanaishi kwa mikataba ya mradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa ajili ya mapitio, kazi nyingi za malaria na Ukimwi zilizotegemea fedha hizo zilitikisika ndani ya siku chache. Mtu mwenye watoto na mkataba wa mwaka mmoja mmoja akijaza I-140, usimsomee risala ya uzalendo.

Shirika la Afya Duniani nalo lina kanuni zake za 2010, na orodha ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wataalamu wa afya, Tanzania ikiwemo. Nchi tajiri zinaombwa zisije kuwawinda wataalamu huko. Lakini kanuni hizo zinamlenga mwindaji. Kwenye ombi la kujiombea hakuna mwindaji. Windo linajipeleka lenyewe, na limejiandikia barua. Orodha haina meno hapo, wala haikukusudiwa kumzuia mtu mmoja mmoja asiende anakotaka.

Upande wa kwetu je? Mtafiti wa kigeni akitaka kuja kufanya utafiti wa afya Kibaha, anahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, kibali cha utafiti kutoka COSTECH, na kibali cha ukaazi cha daraja C. Anatakiwa awe na mshirika Mtanzania. Foleni zake tunazijua, na nimesikia wageni wakilalamika kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ila katika jambo moja fomu zetu zina akili kuliko I-140: zinauliza utafanya nini, wapi, na nani. Hazianzi na kuuliza wewe ni mkubwa kiasi gani.

Na ukitaka kuona ujuzi uliohamia kwa mizani nyingine kabisa, hapohapo Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia, Tanzania Biotech Products, cha Shirika la Maendeleo la Taifa. Kilijengwa kwa teknolojia ya Kuba na kuzinduliwa 2015. Wataalamu wa Kuba walikuja kufanya kazi na Watanzania kwenye matangi ya kukuzia bakteria. Bakteria hao wanatengeneza protini ambayo kiluwiluwi wa mbu akiila, utumbo wake unaharibika. Mengi yanaweza kusemwa kuhusu kiwanda hicho, na halmashauri kununua au kutonunua dawa yake ni makala nyingine. Ninachotaka uone ni kwamba ujuzi wa mtu aliyehamia ulipimwa kwa kitu kinachoonekana: kiluwiluwi kafa au hajafa, na fundi wa hapa anaweza kuendesha tangi mgeni akiondoka au hawezi.

Ningefurahi kama ningeweza kuishia hapo, mizani mbaya ni yao, nzuri ni yetu. Haiwezekani. Vyuoni kwetu kinachompandisha mtu cheo ni makala. Wizara ya Elimu imetangaza zawadi ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha kwenye jarida kubwa la kimataifa, na sisi wa uzamili tuliipokea kwa shangwe. Sipingi zawadi, nami nitaiomba Mungu akinijalia. Lakini hiyo ni EB-1A ya nyumbani. Hakuna zawadi ya mtaalamu wa hadubini ambaye kwa miaka 10 usomaji wake umekuwa ukilingana na wa msomaji wa pili. Hakuna cheo cha mhudumu wa jamii ambaye wilaya yake haipotezi watoto kabla ya siku ya 28, ingawa idadi hiyo imo kwenye kila ripoti na ingehesabika kirahisi kuliko nukuu. Afisa wa uhamiaji wa Marekani ana udhuru, hajawahi kufika Maneromango. Sisi tunapita na daladala.

Majarida mengi sasa yanataka kila mwandishi aseme alifanya nini, kwa mfumo wa CRediT wenye majukumu 14: nani alibuni, nani alikusanya data, nani alichambua, nani alitafuta fedha. Ni maendeleo, na mwombaji mwerevu anaweza hata kuyatumia kwenye ombi lake. Ila mfumo huo unawagawia majukumu walio kwenye orodha ya waandishi. Aliyepanda bodaboda kwenda kwa bibi bado yuko kwenye aya ya shukrani, mwisho wa makala, kabla ya marejeo, ambapo tunawashukuru "wahudumu na wananchi wa Kibaha na Kisarawe". Makala inayofuata ninayoihakiki kabla haijatumwa, nitaanza kuisoma kutokea hapo, na nitamuuliza mwandishi majina.